Tundu Moja Kwenye Manifodi: Mafundi Wasio na Majina Waliozishusha Land Rover Salama Kutoka Ngorongoro

Oktoba 2024 jiji la Arusha lilijaa Land Rover. Wadau mliziona picha, zilitembea kila kona ya mtandao: 109, 110, Defender, zile zilizopakwa rangi jana na zile zenye umri wa kumzidi baba mwenye gari. Watu walipiga selfie kwenye bampa, watoto wakapandishwa juu ya boneti, na kwa siku chache kila mtu mjini akawa mtaalamu wa Land Rover.

Ila kuna kitu hakikupigwa picha hata moja. Fungua boneti ya 109 ya petroli, tafuta kabureta ilipo, halafu angalia chini yake. Kuna bomba nene la chuma linalopeleka mchanganyiko wa hewa na petroli kwenye silinda. Mafundi wanaliita manifodi. Ubavuni mwa hilo bomba, na kwenye kabureta yenyewe, kuna matundu. Lingine lina mpira, lingine limezibwa na bolti, lingine mtu alishalichomelea kabisa akaenda zake.

Kwa mtu wa selfie hayo ni matundu tu. Kwa dereva aliyekuwa anatoka Endulen na mgonjwa nyuma, kujua tundu lipi ni lipi ilikuwa ni suala la kufika au kutofika.

Hii ni historia ya hilo tundu, na ya watu waliolijua. Majina yao hayamo kwenye kitabu chochote.

Endulen, na kwa nini breki ni habari kubwa

Kwa wasiofika, Endulen iko wilaya ya Ngorongoro, ndani ya hifadhi, upande wa kusini magharibi wa kreta. Ni nchi ya wafugaji, nyanda za juu, baridi ya kutosha. Jirani yake kuna Laetoli, pale ambapo timu ya Mary Leakey mwaka 1978 ilikuta nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili zaidi ya miaka milioni 3.6 iliyopita. Endulen kuna hospitali iliyoanzishwa na Kanisa Katoliki, na kwa miaka mingi hiyo ndiyo imekuwa tegemeo la wagonjwa wa upande ule.

Sasa piga picha ya njia. Ukitoka Endulen kwenda Karatu unapanda kwanza mpaka ukingo wa kreta, kama meta 2,300 juu ya usawa wa bahari. Unauzunguka ukingo, kushoto kreta, kulia msitu, ukungu asubuhi mpaka huoni pua ya gari lako. Halafu unaanza kushuka kona kwa kona mpaka lango la Lodoare, na kutoka hapo unateremka kuelekea Karatu, kwenye meta kama 1,500 hivi. Lami ya kutoka Makuyuni mpaka lango la hifadhi imekuja mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kabla ya hapo ilikuwa vumbi kiangazi na utelezi masika, na ndani ya hifadhi vumbi liliendelea hata lami ilipofika langoni.

Kwenye njia kama hiyo gari likizima ni usumbufu, mtalala porini mkimsikiliza fisi. Breki zikigoma ni msiba. Na breki za gari la petroli la zamani lenye sevo zinapata msaada wake kwenye lile tundu la manifodi.

Breki inavyosaidiwa na hewa

Twende taratibu, hata asiyewahi kushika spana ataelewa.

Pistoni ikishuka kwenye silinda inavuta hewa, kama bomba la sindano linavyovuta dawa. Lakini mlangoni kwenye kabureta kuna kibati cha duara kinachozunguka, mafundi wanakiita kipepeo. Ukikanyaga mafuta kinafunguka, ukiachia kinafunga. Kikiwa kimefunga, pistoni zinavuta na hewa haiji ya kutosha. Ndani ya manifodi panabaki na hewa chache sana kuliko nje. Hiyo hali ndiyo vakyumu, au kwa Kiswahili chepesi, uvutaji.

Kuna watu waliona huo uvutaji unapotea bure wakaamua kuupa kazi. Mbelgiji mmoja aitwaye Albert Dewandre alibuni kifaa cha kusaidia breki kwa kutumia uvutaji wa injini, na mwaka 1927 kampuni ya Bosch ikakiingiza sokoni. Wazo lake bado liko mpaka leo kwenye magari. Ni lile bakuli jeusi kubwa mbele ya pedali ya breki, ndiyo sevo yenyewe. Ndani kuna ngozi inayoligawa bakuli mara mbili. Upande mmoja unavutwa na injini, upande wa pili ukikanyaga breki hewa ya nje inaingia na kuisukuma ile ngozi. Mguu wako unaongezewa nguvu. Wamarekani wa zamani walienda mbali zaidi, kwenye gari nyingi hata waipa ziliendeshwa kwa uvutaji huo huo, ndiyo maana mlimani na mvua kubwa waipa zilikuwa zinasinzia.

Kwa hiyo tundu la manifodi ni mlango wa nguvu. Swali ni nani kaunganisha nini kwenye mlango upi.

Gari lilivyokuja

Land Rover ilioneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948. Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alitaka gari la shamba kwa Waingereza waliotoka vitani na njaa ya chuma. Hakujua kwamba anatengeneza gari la Afrika. Tanganyika ilikuwa chini ya Uingereza, barabara zilikuwa njia za ng'ombe, na gari lenye bodi ya aluminiamu isiyoshika kutu na gea za kuvuta matairi yote manne lilikuwa kama limeagizwa maalum.

Maofisa wa wilaya wakalipanda, kisha misheni, kisha polisi. Mwaka 1959 Ngorongoro ilipotengwa na Serengeti kuwa hifadhi ya watu na wanyama pamoja, Land Rover ilishazoeleka kwenye nyanda hizo. Familia ya Leakey ilizitumia Olduvai. Baada ya uhuru serikali ikaendelea nazo.

Zile za mwanzo hazikuwa na sevo kabisa. Breki ilikuwa ni mguu wa dereva peke yake, na madereva wa enzi zile walikuwa na paja moja limejengeka kuliko jingine, usicheke. Injini ya petroli ya lita 2.25 ikaja mwaka 1958 na Series II. Baadaye, hasa kwa Series III iliyoanza 1971, gari refu la 109 likaanza kuonekana zaidi likiwa na sevo.

Na hapo ndipo kasheshe ya kwanza ilipoanza. Injini kwa nje inafanana, lakini manifodi si moja. Ya gari lenye sevo ina mdomo wa kuvalisha mpira mnene. Ya gari lisilo na sevo, nyingine haina tundu, nyingine ina tundu lililozibwa kwa bolti. Kabureta nazo zilibadilika, kuna Solex, kuna Zenith, baadaye watu wakafunga Weber, na kila moja imeweka vitundu vyake mahali pake. Mradi spea zinatoka kwa wakala na kitabu kipo mezani, hakuna tatizo. Unafunga kilichotoka, maisha yanaendelea.

Mpaka ulipofungwa

Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa inakufa, na kwa watu wa kaskazini lile lilikuwa pigo la pembeni ya mlango. Watalii wengi wa Ngorongoro walikuwa wanatokea Nairobi. Spea nyingi pia zilikuwa zinatokea huko huko. Namanga ikawa kimya mpaka Novemba 1983.

Katikati hapo ikaja vita ya Kagera, 1978 mpaka 1979. Pesa ya kigeni ikakauka. Wazee wa miaka hiyo wakisema hakukuwa na sabuni wanamaanisha hakukuwa na sabuni. Sasa kama sabuni hakuna, gasketi ya manifodi utaipata wapi? Kabureta mpya utaipata wapi?

Hapo ndipo mafundi wasio na majina walipoingia kazini. Wapo waliokuwa gereji za misheni, wapo wa serikali, wapo waliokaa chini ya mti na sanduku moja la spana. Wengi walianza kama utingo, wakajifunza kwa kushika tochi wakati mkubwa wao analala chini ya gari. Gari mbili zilizokufa zilizaa moja nzima. Manifodi ya 88 ikahamia 109. Kabureta ya gari la polisi lililopinduka ikahamia gari la misheni. Gasketi ikakatwa kwenye boksi la karatasi ngumu. Mpira wa sevo ukipasuka ukatafutwa mpira mwingine wowote usiosinyaa.

Gari lilitembea, sawa. Lakini kila ukiweka manifodi ya gari moja juu ya injini ya gari lingine na kabureta ya gari la tatu, kitabu cha mwenye kiwanda kinakuwa hakina maana tena. Hakuna mchoro wa gari hilo duniani. Fundi anabaki na matundu mbele yake na lazima ajue mwenyewe kila moja linafanya nini.

Matundu matatu, kazi tatu

Walijifunza kuyasoma. Ukikusanya maarifa yao, hesabu inakuja hivi.

La kwanza ni tundu kubwa, kwenye manifodi yenyewe, chini ya kabureta. Hilo ni la sevo. Mpira wake ni mnene na mgumu, umetengenezwa usibanwe na uvutaji. Liko upande wa ndani wa kipepeo, kwa hiyo muda wote injini inanguruma taratibu bila mguu kwenye mafuta, lenyewe linavuta.

La pili ni tundu dogo sana, kwenye kabureta, karibu na ukingo wa kipepeo. Hilo ni la distribyuta. Linaenda kwa kibomba chembamba mpaka kwenye kisahani cha ubavuni mwa distribyuta, kazi yake ni kuwahisha moto wa plagi ukikanyaga mafuta kidogo, ili petroli ichomeke vizuri na matumizi yapungue. Ujanja wake ni huu: kipepeo kikifunga, tundu linabaki upande wa nje, halivuti kitu. Ukikanyaga kidogo, kipepeo kinapita juu yake na linaanza kuvuta.

La tatu ni la kuvuta mvuke wa oili kutoka tumboni mwa injini, kwenye magari yaliyotengenezwa hivyo. Hili linajulikana kwa uchafu. Chungulia ndani, utaona weusi wenye mafuta mafuta. Tundu la sevo halitakiwi kuwa hivyo.

Na kupima kwenyewe kulikuwa ni kwa kidole gumba. Injini inanguruma taratibu, unaziba tundu kwa gumba. Likikushika ngozi na sauti ya injini ikabadilika, hilo liko ndani ya kipepeo. Lisipokushika, mwambie mwenzako akanyage mafuta kidogo. Likianza kushika hapo tu, hilo ni la distribyuta. Lisiposhika kabisa, limeziba au halihusiki. Kama kuna mahali panavuja, unasikiliza mluzi, unadondoshea maji kidogo kwenye maungio, mluzi ukikatika hapo ndipo penye tatizo. Hakuna kompyuta, hakuna mashine. Jirani tu pale Laetoli watu wanasoma nyayo kwenye majivu yaliyoganda, na fundi naye alikuwa anasoma mabaki kwenye chuma.

Tundu linalodanganya

Sasa sikiliza sehemu yenye uzito, maana hapa ndipo watu walipoweza kufa.

Tuseme manifodi uliyopata haina tundu la sevo. Gari lina sevo, mpira unaning'inia. Fundi mwenye haraka anaona kile kibomba chembamba cha distribyuta, anasema kinavuta hiki, anakata, anaweka kiungio cha njia tatu, anachomeka na sevo humo humo. Anamwambia kijana apige resi. Injini inapiga kelele, uvutaji unakuja, sevo inajaa. Anakanyaga breki, pedali laini kama siagi. Anazungusha gari uwanjani, anakanyaga tena, safi. Anapokea hela yake. Gari linaenda barabarani, kwenye tambarare dereva anakanyaga mafuta na kuachia, kila akikanyaga sevo inajaa upya. Wiki nzima hakuna shida.

Halafu siku linatakiwa lishuke kutoka ukingoni.

Mteremkoni dereva hakanyagi mafuta. Ametoa mguu, gari liko gea ndogo, injini inalizuia, anagusa breki kwenye kila kona. Kipepeo kimefunga. Na kipepeo kikifunga, lile tundu dogo halivuti chochote. Sevo ina akiba ndani yake, kuna vali inayozuia uvutaji usirudi, kwa hiyo breki ya kwanza inakubali. Ya pili inakubali kwa shingo upande. Ya tatu au ya nne pedali imekuwa jiwe. Dereva hajui kimetokea nini, breki zilikuwa nzima tangu asubuhi.

Tundu sahihi lingefanya kinyume kabisa. Matairi yakiizungusha injini huku kipepeo kimefunga, uvutaji ndani ya manifodi unapanda juu kuliko wakati mwingine wowote. Yaani mteremkoni, pale unapoihitaji sevo zaidi, ndipo tundu sahihi linapokupa zaidi, na ndipo tundu la uongo linapokunyima. Kosa halionekani gereji. Linaonekana kwenye kona.

Ndiyo maana mafundi wa zamani wa nyanda za juu hawakuwa wanaamini breki iliyopimwa kwa resi. Kipimo chao kilikuwa hiki: zima injini, kanyaga pedali mara nne au tano mpaka iwe ngumu, sevo imekwisha akiba. Acha mguu juu ya pedali, uibane. Washa injini, usiguse mafuta. Pedali ikizama yenyewe kidogo chini ya mguu, tundu ni lenyewe. Isipozama, gari halipandi mlima hata aje nani.

Na kama tundu la kweli halipatikani? Wapo waliotoboa manifodi kwa mkono, wakakata nyuzi za kufungia mdomo wa shaba, wakahakikisha vumbi la chuma halibaki ndani. Na wapo waliochagua kuitoa sevo kabisa na kurudi breki ya mguu mtupu. Dereva alichoka, lakini pedali ilikuwa ngumu tangu mwanzo wa safari, haikumshtukiza katikati.

Hewa ya juu haifanani na ya Dar

Kuna jambo lingine liliwatesa waliokuja na vipimo vya mjini. Uvutaji unapimwa kwa geji, kwa inchi za zebaki. Injini nzima ya petroli usawa wa bahari, ikinguruma taratibu, inaonesha kama inchi 18 hadi 21. Lakini kila ukipanda futi 1,000, karibu meta 305, unapoteza kama inchi moja, kwa sababu hewa ya nje yenyewe ni nyepesi. Ukingoni mwa kreta geji ya injini ile ile inasoma kama 11 hadi 14.

Mtu aliyesomea Dar es Salaam akiona 13 anasema injini imekufa, ringi zimekwisha, shusha injini. Fundi wa Karatu anaangalia mlima, anatoa hesabu, anakuambia injini nzima, twende. Ni injini ngapi za nyanda za juu zilifunguliwa bure kwa kosa hilo hakuna aliyehesabu, ila kosa lenyewe liko wazi.

Na sevo nayo inaathirika. Inayosukuma ile ngozi ni hewa ya nje, na kwenye meta 2,300 hewa ya nje imepungua nguvu kwa karibu robo ukilinganisha na pwani. Kwa hiyo hata ukiwa umeunganisha kila kitu sawa, juu kule msaada wa breki ni mdogo kuliko wa bondeni. Dereva mzoefu anashuka kwa gea kwanza, breki baadaye. Siyo woga, ni fizikia.

Dizeli ilipoingia

Miaka ilivyokwenda petroli ikawa ghali, na Land Rover ya lita 2.25 inajulikana kwa kiu. Watu wakaanza kuzing'oa hizo injini na kufunga dizeli, ya Land Rover au ya Mjapani. Bodi ya Muingereza, moyo wa Toyota au Isuzu. Mitaani Arusha na Karatu hilo ni jambo la kawaida mpaka leo.

Ila dizeli nyingi hazina kipepeo. Hewa inaingia wazi, kinachopimwa ni mafuta tu. Hakuna kipepeo, hakuna uvutaji wa maana kwenye manifodi. Ukichomeka mpira wa sevo kwenye manifodi ya dizeli ya namna hiyo umechomeka hewani. Watengenezaji walilijua hilo, Land Rover iliweka kipepeo maalum kwenye baadhi ya dizeli zake za zamani ili kupata uvutaji, na baadaye injini ya lita 2.5 ikaja na pampu yake ya vakyumu. Toyota nyingi za dizeli za zamani pampu imeshikana na altaneta, mgongoni kwake. Ukibadilisha altaneta ukafunga isiyo na pampu, taa zitawaka vizuri sana, betri itachaji vizuri sana, na breki umeziaga.

Kuna mtego mwingine kwenye injini za dizeli za mwanzo za Land Cruiser, kama ile ya B ya miaka ya 1970. Hizo zina koo jembamba kwenye njia ya hewa, na mipira inayotoka hapo inaenda kwenye pampu ya dizeli. Uvutaji wa lile koo ndio unaoiambia pampu ipunguze mafuta. Mpira ukichomoka au kupasuka, pampu inadhani dereva anataka mwendo wa mwisho, injini inapanda resi yenyewe mguu ukiwa juu. Asiyejua anakimbia. Anayejua anakata mafuta au anaziba hewa, halafu anarudisha mpira wa shilingi chache.

Ukiona injini ya zamani, kwa hiyo, swali la kwanza si tundu liko wapi. Swali la kwanza ni hii ni petroli au dizeli, ina kipepeo au haina. Ukijibu hilo, nusu ya kazi imekwisha.

Kilichobaki

Land Rover ya mtindo ule wa zamani ilitoka kiwandani kwa mara ya mwisho Januari 2016. Njia za watalii leo zimetawaliwa na Land Cruiser. Land Rover imegeuka fasheni: inanunuliwa na kijana mwenye hela, inapakwa rangi ya maziwa, inawekewa taa za kisasa na spika, inapelekwa tamashani. Hakuna ubaya, gari limestahili heshima yake.

Ila mafundi waliozifahamu wanaondoka. Walikuwa hawaandiki. Maarifa yao yalikaa kwenye kidole gumba na sikio, na waliwapa wale vijana walioshika tochi, wachache tu. Wengi wao leo wako na simu ya kusomea kompyuta za magari mapya, wanalipwa vizuri zaidi, nani atawalaumu. Hospitali ina kumbukumbu za wagonjwa, misheni ina kumbukumbu za mapadre, hifadhi ina kumbukumbu za faru. Kitabu cha mtu aliyehakikisha gari la wagonjwa linashuka na breki zake hakipo.

Magari lakini yapo, na yanazo alama. Ukikuta 109 ya kaskazini yenye manifodi iliyotobolewa kwa mkono, mdomo wa shaba umekaa wima, nyuzi zimekatwa vizuri, ujue kuna mtu alisimama pale siku moja hana spea, hana kitabu, na akakataa njia ya mkato. Usilichomelee hilo tundu kwa sababu halipo kwenye picha ya mtandaoni. Ni sahihi ya mtu.

Na wewe mdau uliyenunua Land Rover ya babu juzi na unataka kupanda nayo Ngorongoro Desemba hii kwa ajili ya picha, kabla ya yote fanya kile kipimo. Zima injini, kanyaga breki mara tano, bana pedali, washa bila kugusa mafuta. Kama pedali haikuzama, picha pigia hapo hapo nyumbani.

Mwenye mzee aliyeendesha au kutengeneza magari upande wa Endulen, Oldeani au Karatu enzi za mpaka kufungwa, amuulize wakati bado yupo: ile sevo mliiunganisha wapi? Halafu aje aandike jibu hapo chini, wengine wasome.